Asilimia Mia ya Nini? Urefu wa Ukurasa na Picha ya Beit al-Ajaib

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, mnara wa saa ukiwemo. Nyumba ilikuwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walifariki. Mimi nilipata habari kwa simu kama wengi, nikashuka ngazi mbio, na nilipofika Forodhani nikakuta watu wamesimama tu, hakuna anayesema neno.

Wiki tatu baadaye nikakaa kuandika. Nilikuwa na picha niliyoipiga miaka ya nyuma kutoka upande wa bahari: uso mzima wa nyumba, roshani zimeizunguka, nguzo zimepanda safu juu ya safu, mnara katikati. Nikasema, makala hii haitaanza na maneno. Itaanza na nyumba. Msomaji akifungua ukurasa, kitu cha kwanza kiwe ni picha hiyo imejaa skrini yote, juu mpaka chini, bila ya nafasi nyeupe hata kidogo. Akishaitazama ndo aanze kusoma. Na chini kabisa, kwenye ukingo wa picha, niliweka mistari miwili midogo: wa kwanza mwaka wa kujengwa na siku ya kuanguka, wa pili dua kwa wale wawili.

Basi nikaandika kwenye faili la mitindo kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angeandika:

height: 100%;

Nikafungua kivinjari. Hapakuwa na picha. Sisemi ilikuwa ndogo au imekatwa, haikuwepo kabisa. Makala ilianza moja kwa moja na aya ya kwanza, kana kwamba nyumba haijapata kujengwa.

Mtu asiyewahi kutengeneza ukurasa wa wavuti atadhani nimekosea herufi. Sikukosea. Kompyuta ilifanya nilichoiambia, na ukiwa mtu wa vitabu sababu yake inavutia kuliko unavyotarajia. Ukisema kitu kiwe na urefu wa asilimia mia, lazima kwanza lijibiwe swali moja: asilimia mia ya nini?

Katika lugha ya HTML kila kitu kimo ndani ya kitu kingine, na wenyewe wanaviita hivyo hivyo, mzazi na mtoto. Picha yangu ilikuwa mtoto wa sehemu inayoitwa body, na body ni mtoto wa html, na html ndiye babu wa wote, anakaa moja kwa moja ndani ya dirisha la kivinjari. Mtoto akidai asilimia mia ya urefu, anadai asilimia mia ya urefu wa mzazi wake. Mzazi akiulizwa, na wewe urefu wako kiasi gani? anajibu: mie sina urefu wangu, urefu wangu ni watoto wangu, wakiwa warefu nitarefuka. Mtoto anamtazama mzazi, mzazi anamtazama mtoto. Kivinjari hakina muda wa mchezo huo. Kinalifuta dai la asilimia na kukiachia kitu kiwe na urefu wa kile kilichomo ndani yake. Picha yangu ilikuwa imepakwa kama mandhari ya nyuma ya kisanduku kitupu. Ndani yake hamna kitu, kwa hiyo urefu ni sifuri.

Upana hauna tatizo hili, na hapo ndipo penye historia.

Aliyekulia nyumba za Mji Mkongwe anajua kwamba chumba hakijengwi kwa matakwa ya mwenye nyumba. Dari hubebwa na boriti, miti ya mikoko iliyokuwa ikiletwa kutoka delta ya Rufiji na huko Lamu, na juu yake hupangwa mawe ya matumbawe na kushindiliwa chokaa. Mzigo ule ni mzito. Boriti inayoweza kuubeba bila ya kupinda haiachi nafasi kubwa baina ya ukuta na ukuta: mita 2.5, mita 3 hivi. Basi upana wa chumba ni huo, uwe tajiri wa karafuu au karani. Ukitaka ukumbi mkubwa, utaurefusha. Ndiyo maana kumbi zetu za kale ni ndefu na nyembamba kama ushoroba, na mgeni asiyejua hudhani ni mtindo tu wa kupendeza. Kipimo kimoja umepewa na mti, cha pili unajichagulia.

Ukurasa wa wavuti umejengwa vivyo hivyo. Upana unatoka kwa dirisha la kivinjari, unajulikana kabla ya herufi ya kwanza kuwekwa. Maneno yanamiminwa ndani ya upana huo, yakifika ukingoni yanavunjika na kushuka, na urefu ni popote yatakapoishia. Kwa hiyo mtoto akidai asilimia mia ya upana, jibu lipo tayari. Akidai ya urefu, anauliza mwisho wa hadithi ambayo haijasimuliwa.

Kwa mtu wa vitabu hili ni jambo geni kabisa. Ukurasa tuliourithi ulikuwa na urefu kabla ya kuwa na maneno. Katika nchi za Kiislamu mwandishi wa miswada alikuwa na kifaa kinachoitwa mistara, ubao au karatasi ngumu iliyofumwa nyuzi zilizovutwa sambamba. Karatasi safi iliwekwa juu yake, ikakandamizwa kwa kidole, na nyuzi zikaacha alama. Kila ukurasa ukapata idadi ile ile ya mistari, pambizo ile ile, chini pakaishia pale pale. Neno letu mstari ni la ukoo huo huo wa Kiarabu. Yaani tunapotamka mstari tunataja, bila ya kujua, kifaa kilichoupa ukurasa urefu wake. Na mwandishi akifika chini kabisa aliandika pembeni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika zipangike tena. Ule ni ukurasa unaojua mwisho wake uko wapi.

Nikupeleke kidogo kwenye tenzi, maana huko ndiko nilikoanza kulifikiria suala hili kabla hata ya picha. Katika miswada ya tenzi ya hati za Kiarabu, ubeti wenye vipande vinne kwa kawaida huandikwa wote kwenye mstari mmoja, kipande baada ya kipande, kwa alama za kutenganisha. Ukurasa unajaa kwa upana, na kina cha mwisho cha kila ubeti kinasimama upande wa kushoto kimoja chini ya kingine, safu moja iliyonyooka. Jicho linaona kina kabla ya sikio. Zilipokuja herufi za Kirumi na vitabu vya kuchapa, vipande vile vinne vikageuzwa mistari minne mifupi. Ubeti ukarefuka mara nne, na nusu ya ukurasa upande wa kulia ikabaki nyeupe. Tumezoea mpaka tunadhani utenzi umezaliwa hivyo. Tukauhamishia kwenye wavuti kama ulivyo, na sasa utenzi wa beti mia tano ni uzi mwembamba usio na mwisho ambao kidole gumba kinausukuma mpaka kinachoka. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba umbo hilo lilikuwa uamuzi wa wachapaji, nasi tunalibeba kana kwamba ni la watunzi.

Wachapaji nao walikuwa na urefu wao mkononi, tena wa chuma. Wamisionari wa UMCA, waliohamia Unguja mwaka 1864, walikuwa na mtambo wao wa kuchapa, na kutoka skuli yao ya Kiungani lilitoka jarida la Msimulizi kuanzia mwaka 1888. Sayyid Barghash naye aliweka matbaa yake ya Kiarabu karibu na mwaka 1880, ikaanza kuchapa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia, kazi ya juzuu karibu 90 ambayo uchapaji wake uliishia njiani. Mwaka 1892 likaanza gazeti la serikali. Katika mitambo hiyo yote ukurasa ulipangwa ndani ya fremu ya chuma, herufi moja moja za madini. Fremu haiwezi kubebwa ikiwa na uwazi ndani, herufi zitamwagika sakafuni. Kwa hiyo palipokosa maneno, mpangaji alijaza vipande vya risasi na vya mbao vifupi kuliko herufi, visivyogusa wino, kisha akakaza kwa kabari. Hata weupe ulikuwa na uzito wake. Kila safu ilijazwa juu mpaka chini, kwa habari au kwa risasi.

Wavuti ndiyo iliyovunja fremu hiyo. Tim Berners-Lee alipoanzisha mambo yake kule CERN, Uswisi, miaka ya 1989 hadi 1991, alikuwa anashughulika na hati za wanasayansi wenye kompyuta za kila aina. Skrini moja ndogo, nyengine kubwa, nyengine haina hata rangi. Hakuna aliyeweza kusema ukurasa una urefu gani, kwa hiyo haukupewa urefu. Uliachwa ushuke. Oktoba 1994 Mnorwe mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale pale, Håkon Wium Lie, akatoa pendekezo la lugha ya kupamba kurasa, ndiyo iliyokuja kuwa CSS. (Mwaka huo huo wa 1994 sisi huku tulipata mpango wa uhifadhi wa Mji Mkongwe, ambao pamoja na mengine unasimamia nani aongeze ghorofa na nani asiongeze. Urefu ulikuwa unazungumzwa kila mahali.)

Toleo la kwanza, CSS1, lilitoka Desemba 1996. Humo upana uliruhusiwa kuandikwa kwa asilimia. Urefu haukuruhusiwa. Ulikuwa uandike kipimo kamili, au uandike auto, yaani uache yaliyomo yaamue. Asilimia za urefu ziliingia na CSS2, Mei 1998, pamoja na sharti lile lililonifutia picha: kama urefu wa mzazi haukutajwa wazi na unategemea watoto, basi asilimia ihesabiwe kama auto. Sharti lile lipo mpaka leo, na wanaoanza kujifunza leo wanajikwaa kwenye jiwe lile lile.

Mimi mara ya kwanza nilijikwaa mapema miaka ya 2000, kwenye intaneti kafe moja ya mjini, tukilipia saa kwa saa, feni linazunguka na mashine inakwenda kwa kuvuta. Siku zile hatukutumia CSS kupanga ukurasa. Tulitumia jedwali. Jedwali moja kubwa, height="100%", ndani yake seli za kichwa, mbavu na miguu, na lilijaza skrini vizuri sana ingawa kanuni za HTML hazikuipa jedwali sifa ile. Vivinjari viliikubali tu kwa hisani. Kisha rafiki yangu mmoja akanifundisha kwamba ukurasa wa kistaarabu huanza na mstari wa tamko, DOCTYPE. Nikaubandika juu. Jedwali langu likanywea kama puto. Kumbe vivinjari vilikuwa vimeanza, kuanzia mwaka 2000, kuutumia mstari ule kama mtihani: asiye nao anasomewa kwa desturi za zamani, body inajinyoosha yenyewe kujaza dirisha, na mwenye nao anasomewa kwa sharia. Nilikuwa nimeomba sharia bila ya kujua. Niliufuta mstari ule haraka haraka, nikaendelea na ujahili wangu miaka mingine mitatu, raha mustarehe.

Waliokuwa waaminifu kuliko mimi waliteseka. Tatizo kubwa la zama hizo lilikuwa safu za pembeni. Unataka ubavu wenye rangi ushuke mpaka mwisho wa ukurasa sambamba na makala, lakini ubavu una maneno machache, basi rangi inakatika katikati kama rangi ya nyumba iliyomshinda mwenyewe. Januari 2004 Dan Cederholm akaandika kwenye jarida la A List Apart hila iliyotumiwa na nusu ya dunia: usiurefushe ubavu. Mpake mzazi picha nyembamba yenye rangi ile, ijirudie kwenda chini. Msomaji ataona safu mbili zinazofika chini, kumbe hakuna safu iliyofika popote. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Ilikuwa kazi ya mpaka chokaa.

Turudi kwa picha yangu. Dawa ya tatizo la Januari 2021 ilikuwa ile ya zamani, na ni ya nasaba. Kila mmoja katika ukoo atamke urefu wake, kuanzia kwa babu. html iseme 100%, naye ana haki ya kusema kwa sababu yuko ndani ya dirisha na dirisha lina urefu wa kweli. body iseme 100%. Picha iseme 100%. Ukimruka mmoja tu katikati, mnyororo umekatika na chini yake wote ni maskini. Nikafanya hivyo, na nyumba ikasimama. Palibaki kijisehemu cha kuskroli, piseli 16, kwa sababu vivinjari huipa body pambizo ya piseli 8 juu na 8 chini. Nikaandika margin: 0, ikatulia.

Ningeacha hapo! Lakini kijana mmoja anayejua mambo haya kuliko mimi akaniambia, ami, hiyo ni ya kizee, siku hizi kuna vh. Na kweli ipo. Vipimo hivi viliingia kwenye vivinjari kuanzia miaka ya 2011 na 2013 hivi: vh moja ni sehemu moja ya mia ya urefu wa dirisha. Hakuna haja ya kuuliza wazazi. Mtoto aliye chini kabisa ya ukoo anaandika height: 100vh na anachukua kipimo chake dirishani moja kwa moja. Nikaona ndiyo hiyo. Nikafuta nasaba yote, nikaweka mstari mmoja, nikaufungua kwenye kompyuta, safi. Nikausambaza.

Siku ya pili nikapata ujumbe wa sauti kutoka Muscat. Ami yangu amekaa Oman zaidi ya miaka arubaini, lakini nyumba ile aliipita kila siku akienda skuli, na makala yoyote ya Mji Mkongwe lazima aisome kwa simu yake, polepole, miwani puani. Nilitarajia sifa. Aliitikia salamu zangu za jana, akaipongeza picha, kisha sauti ikabadilika.

"Lakini mwanangu, hao waliokufa mbona hukuwataja? Umeandika nguzo, umeandika saa, umeandika mpaka mizinga ya Waingereza. Watu wawili wamekufa mule, hata kuwaombea?"

Nikamjibu kwa haraka, na sasa naona haya: "Ami, shikamoo, nimewaombea, angalia chini ya picha."

"Marahaba. Chini ya picha hamna kitu."

Tukapelekana hivyo mara mbili tatu. Nilidhani macho. Mwishowe akampa mjukuu wake apige picha ya skrini na kunitumia. Nyumba imejaa, nzuri, na pale ambapo palitakiwa kuwa na mistari yangu miwili pamesimama upau wa kivinjari cha simu. Dua yangu ilikuwa chini yake. Msomaji mwenye subira angesukuma kidogo angeiona. Yeye aliona picha imejaa skrini, akajua ndiyo mwisho wake, akasukuma kwa nguvu moja akapita. Niliyemfundisha kwamba picha inaishia pale ni mimi.

Hili nalo lina sababu, na halikuwa uzembe wa mtu. Kwenye simu, upau wa anwani hujificha unapoanza kushuka na hurudi unapopanda. Dirisha lina urefu mbili, basi: fupi, upau ukiwepo, na refu, upau ukijificha. Kama vh ingefuata upau, kila ukigusa skrini kurasa zote zingerukaruka, maneno yakihama chini ya jicho lako. Waliotengeneza vivinjari wakaamua vh ipimwe kwa dirisha refu na ibaki hapo hapo. Kwa hiyo 100vh, mtu anapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza, ni ndefu kuliko anachokiona. Uamuzi wenye busara, na gharama yake inalipwa na kilichokaa chini kabisa.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba njia ile ya kizee ilikuwa sahihi. Asilimia mia inayotoka kwa babu html hupimwa kwa dirisha fupi, lile linaloonekana upau ukiwepo. Nasaba ilijua. Mimi nikamruka mzazi, nikaenda kuchukua kipimo dirishani, nikachukua cha dirisha ambalo ami yangu hakuwa nalo mkononi.

Nilirekebisha usiku ule ule, kwa kuirudisha nasaba. Wengi wakati huo walitumia kipande cha JavaScript kinachopima dirisha na kukiambia CSS kipimo. Mwaka 2022 vivinjari vikubwa vikaanza kukubali vipimo vitatu vipya: svh kwa dirisha fupi, lvh kwa refu, na dvh inayofuata upau popote uendapo. Miaka zaidi ya 20 tangu CSS2, ndo swali la asilimia mia ya nini likapewa majibu yenye majina tofauti.

Ami alipotaja mizinga ya Waingereza alikuwa anakusudia aya niliyoiandika juu ya mnara, na inafaa niirudie hapa, kwa sababu inahusu urefu pia. Barghash alipoijenga nyumba mwaka 1883 alikuwa ameshazunguka, alishaishi Bombay uhamishoni na alishatembelea Ulaya mwaka 1875, na alitaka kumbi ambazo boriti haziwezi. Zile nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma ndizo zilizomwachia huru upana. Mtu akiingia ndani, kitu cha kwanza kinachomshangaza ni ukubwa wa ua wa katikati kulinganisha na nyumba za jirani. Lakini mnara wa saa tuliouzoea haukuwa sehemu ya nyumba. Mwanzoni ulikuwepo mnara mwengine, umesimama peke yake mbele, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, Beit al-Hukm ikavunjika, mnara ule nao ukaharibika vibaya. Nyumba yenyewe ikabaki. Katika matengenezo yaliyofuata, mwaka 1897, mnara mpya ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib. Kwa hiyo uso wenye mnara, ule wa kwenye kadi na kwenye picha yangu, ulidumu tangu 1897 mpaka ile Krismasi. Sehemu ya juu kuliko zote iliongezwa baadaye, juu ya nyumba iliyokuwa imeshamaliza kujengwa. Sisemi ndiyo sababu ya kuanguka, hayo ni ya wahandisi. Nasema tu nikiitazama picha sasa naona nyumba mbili, na siwezi tena kuona moja.

Mwaka juzi niliufungua ukurasa ule kuubadilisha vipimo, nikitaka kuweka 100svh mahali pa nasaba. Kabla ya kuandika nikautazama kwenye simu, kwa jicho la mtu anayeufungua mara ya kwanza. Dua inaonekana, alhamdulillahi. Kisha nikaona jambo ambalo ami hakulisema, kwa adabu yake au kwa sababu alikuwa anatafuta kitu kingine. Picha yangu ni pana. Skrini ya simu ni nyembamba na ndefu. Ili ijaze urefu wote bila ya kunyooka kama mpira, kivinjari kiliikata pande zote mbili. Uliokuwa unaonekana ni mnara na roshani chache kushoto na kulia kwake. Robo tatu ya nyumba ilikuwa imetolewa nje ya ukurasa ili niupate ujazo wangu. Nguzo nilizoziandikia aya mbili nzima hazikuwemo.

Nikajaribu kuizuia isikatwe. Ikaingia yote, ndogo, katikati, na weupe juu na chini. Nikakaa nikiutazama weupe ule.

Nikafuta mstari wa urefu. Siku hizi picha ina upana wa asilimia mia na urefu wake ni auto, yaani urefu wowote unaotoka kwenye picha yenyewe. Kwenye simu inachukua kama theluthi ya skrini. Mistari miwili iko chini yake, juu ya aya ya kwanza, nimeikuza herufi kidogo. Kwenye faili nimebakisha min-height: 100svh kwa body peke yake, ili makala fupi zisiache miguu ya ukurasa ikielea katikati, na ni min, si height tupu, ili makala ndefu ziruhusiwe kusukuma.

Nilimpelekea ami kiungo. Akajibu jioni, baada ya magharibi, kwamba sasa anaiona nyumba yote mpaka pembe ya kulia, na kama sikosei pale mwisho ndipo walipokuwa wakikaa wauza kahawa?